Kulipia Upasuaji wa Kuondoa Ngozi Iliyolegea Baada ya Kupungua Uzito: Mwongozo kwa Wanaoishi Marekani

Mtu aliyepungua kilo 40, 50 au zaidi, iwe kwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, kwa sindano za semaglutide au kwa kubadili mlo na kufanya mazoezi, mara nyingi hubakiwa na ngozi ya ziada ambayo hakuna zoezi wala mafuta ya kupaka yatakayoirudisha. Ngozi hiyo hulegea mikononi, mapajani, kifuani na mgongoni, lakini ile ya tumboni ndiyo huleta tabu zaidi kwa sababu joto na jasho hujifungia chini yake. Wasomaji wanaoishi Marekani huuliza maswali yale yale kila mara: je, bima italipa, nikikataliwa nifanye nini, na nikijilipia mwenyewe fedha zitoke wapi? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio, ukianzia pale ambapo wengi huchelewa kuanza, yaani kwenye kumbukumbu za matibabu. Uamuzi wa bima hutegemea sana karatasi zilizokusanywa miezi mingi kabla hujakutana na daktari wa upasuaji.

Tofauti unayopaswa kuijua kwanza

Kuna upasuaji wa aina mbili ambao watu huuchanganya, na kuuchanganya huko hugharimu. Wa kwanza ni panikulektomi, ambao huondoa mkunjo wa ngozi na mafuta unaoning'inia chini ya tumbo, basi. Wa pili ni abdominoplasti, ambao pamoja na kuondoa ngozi hukaza misuli ya tumbo iliyoachana na kukirekebisha kitovu ili tumbo liwe na umbo zuri. Bima za Marekani huweza kulipia ule wa kwanza ikiwa ngozi inadhuru afya, na karibu zote huuhesabu ule wa pili kuwa wa urembo. Katika orodha ya namba za malipo, panikulektomi ni 15830, na sehemu ya ziada inayoifanya iwe abdominoplasti ni 15847. Unapopiga simu kwenye bima, taja namba. Ukisema tu kwamba unataka kukazwa tumbo, utajibiwa kuwa huo ni urembo na mazungumzo yataishia hapo.

Ngozi ya mikono na mapaja hulipiwa kwa nadra sana, na kunyanyua matiti yaliyoporomoka kwa kawaida huhesabiwa urembo. Ninakushauri ulenge tumbo kwanza, kwa sababu ndipo penye uwezekano wa kweli wa kulipiwa, na sehemu nyingine uziwekee mpango wa kujilipia mwenyewe.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

Tafuta kijitabu kamili cha bima yako, kwa maana ule muhtasari wa kurasa chache hautoshi. Uwe na daktari wa kawaida anayekuona mara kwa mara, na nafasi ya kuingia kwenye akaunti yako ya mtandaoni ya hospitali ili usome anachokiandika. Andaa kumbukumbu za uzito wako zenye tarehe, jalada la kuhifadhia risiti za dawa, na daftari la simu ambamo utaandika tarehe, jina la uliyezungumza naye na namba ya kumbukumbu ya simu hiyo. Ikiwa Kiingereza chako si cha kutosha kueleza maumivu ya mwili kwa undani, omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali na zahanati zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinawajibika kukupatia huduma hiyo bila malipo. Usimtumie mtoto wako kutafsiri. Kuna mambo ya mwili ambayo mzazi hatayasema mbele ya mtoto, na hayo hasa ndiyo daktari anayotakiwa kuyaandika.

Hatua ya 1: Pata masharti ya bima yako kwa maandishi

Piga namba iliyo nyuma ya kadi yako na uombe sera yao ya kitabibu inayohusu namba 15830. Kampuni nyingi huiweka sera hiyo wazi kwenye tovuti yao. Masharti hutofautiana, lakini utakutana mara nyingi na haya: mkunjo wa tumbo ufike usawa wa mfupa wa kinena au uupite, uwepo ugonjwa wa ngozi mikunjoni usiopona au unaorudi licha ya kutibiwa kwa miezi 3 au zaidi, uzito uwe umetulia kwa takribani miezi 6, na kama ulifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, iwe imepita miezi 12 au 18.

Kisha tafuta ukurasa wa mambo yasiyolipiwa. Baadhi ya bima husema waziwazi kwamba hazilipi kuondoa ngozi baada ya kupungua uzito kwa sababu yoyote ile. Ukikuta sentensi hiyo, rufaa inayojengwa juu ya hoja ya afya haitakusaidia sana. Hapo nenda kwa ofisi ya rasilimali watu kazini kwako uulize kama mwajiri ndiye anayelipia bima hiyo kwa fedha zake mwenyewe, jambo la kawaida kwa makampuni makubwa, kwa sababu mwajiri wa namna hiyo ana uwezo wa kubadilisha sharti. Kama hawezi, linganisha mipango mingine wakati wa kujiandikisha upya utakapofika.

Wenye Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, wafahamu kwamba kila jimbo lina masharti yake. Wenye Medicare, bima ya serikali hasa kwa wenye miaka 65 na zaidi, huamuliwa kwa masharti ya eneo wanaloishi, na tangu tarehe 1 Julai 2020 panikulektomi inayofanyika katika idara ya wagonjwa wa nje ya hospitali inahitaji kibali cha awali, yaani idhini ya bima kabla ya upasuaji.

Hatua ya 2: Tibu upele wako, na hakikisha kila ziara inaandikwa

Hii ndiyo hatua inayoamua mengi, na ndiyo wengi huiruka. Mtu ameishi na upele chini ya tumbo kwa miaka, amejinunulia poda na dawa ya fangasi dukani, amevumilia harufu na michubuko kwa aibu, wala hajawahi kumwonyesha daktari. Anapokwenda kuomba kibali, faili lake halina hata neno moja kuhusu ngozi, na bima husoma faili tu.

Nenda kwa daktari wako wa kawaida au daktari wa ngozi kila upele unapotokea. Mwinulie mkunjo auone kwa macho yake. Mweleze hali yako ya kila siku: kwamba unaweka kitambaa katikati ya mikunjo ili kunyonya jasho, kwamba ngozi hupasuka na kutoa majimaji, kwamba huwezi kutembea mwendo mrefu bila kuchubuka, kwamba kujisafisha baada ya haja kumekuwa kugumu. Kisha, ukirudi nyumbani, soma alichoandika. Maelezo yanayosema “mgonjwa ana upele tumboni, apewe krimu” hayana nguvu. Yenye nguvu husomeka hivi: “Wekundu na michubuko yenye majimaji chini ya mkunjo wa tumbo, upana wa sentimita 12, ni mara ya tatu tangu Januari, ametumia krimu ya nystatin mara mbili kwa siku kwa wiki nne, ameweka eneo likiwa kavu, hali imerudi.” Ukiona maelezo yamepungukiwa, mwandikie daktari kupitia akaunti yako ukimwomba kwa adabu aongeze alichokiona. Una haki ya kuomba marekebisho hayo.

Dawa uandikiwe na daktari kila inapowezekana, hata kama ya dukani ni ileile, kwa sababu dawa ya kuandikiwa huacha alama kwenye kumbukumbu za duka la dawa. Risiti ya poda uliyonunua mwenyewe nayo itunze, ingawa uzito wake mbele ya bima ni mdogo.

Onyo: usitie chumvi. Daktari wa bima atalinganisha maneno yako, picha zako na faili lako, na palipo na mgongano ombi lote hupoteza imani.

Hatua ya 3: Acha uzito utulie

Pima uzito kliniki kila mwezi, kwa maana vipimo vya nyumbani kwa kawaida havihesabiwi. Anayeendelea kupungua kwa sindano asiharakishe. Ngozi ikiondolewa leo na kilo 15 zikaondoka baadaye, mkunjo mwingine utajitokeza, na bima haitakuwa tayari kulipa mara ya pili. Anayevuta sigara aache sasa, kwa kuwa nikotini hubana mishipa ya damu na kuzuia kidonda kupona, na madaktari wengi hupima damu au mkojo kabla ya kukubali kupasua.

Hatua ya 4: Piga picha zinazothibitisha

Kwa kawaida ofisi ya daktari wa upasuaji ndiyo hupiga picha rasmi, lakini picha zako za nyumbani zenye tarehe, zilizopigwa siku ambazo upele umechachamaa, huonyesha kile ambacho huenda kisiwepo siku ya miadi. Simama wima mbele ya ukuta usio na mapambo, nguo ya ndani ikiwa imeshushwa ili mfupa wa kinena uonekane. Piga ya mbele, ya kushoto na ya kulia, mkunjo ukining'inia wenyewe. Halafu uinue mkunjo kwa mikono miwili na mtu mwingine apige picha ya ngozi iliyo chini, karibu na yenye mwanga wa kutosha. Picha ya mkunjo ulioning'inia huthibitisha urefu, na ile ya mkunjo ulioinuliwa huthibitisha ugonjwa. Bila hiyo ya pili, bima huweza kusema kwamba hakuna dalili ya maradhi.

Hatua ya 5: Chagua daktari wa upasuaji anayefanya kazi na bima

Madaktari wengi wa upasuaji wa plastiki wenye kliniki binafsi hawapokei bima kabisa. Walio katika hospitali za vyuo vikuu hupokea zaidi. Kabla ya kuweka miadi, uliza kama daktari yumo kwenye mtandao wa bima yako (orodha ya watoa huduma wenye mkataba nayo), kama ofisi yake huomba kibali kwa namba 15830, na kama amethibitishwa na American Board of Plastic Surgery, bodi inayothibitisha madaktari wa upasuaji wa plastiki. Jina la “daktari wa urembo” peke yake halikuhakikishii mafunzo hayo.

Siku ya miadi, zungumza kuhusu maradhi na shughuli unazoshindwa kufanya. Ukitaja suti ya harusi au nguo za kuogelea, maneno hayo huweza kuandikwa kwenye faili. Barua ya daktari inapaswa kutaja uzito wa awali na wa sasa, mkunjo umefika wapi, matibabu yote yaliyojaribiwa kwa tarehe, na namba za ugonjwa, hasa L98.7 ya ngozi iliyozidi na L30.4 ya upele wa mikunjoni. Omba nakala uisome kabla haijatumwa, na uilinganishe na masharti ya hatua ya 1, kipengele kwa kipengele. Kipengele kimoja kilichokosekana kinatosha kukataliwa.

Hatua ya 6: Subiri kibali, na ukikataliwa kata rufaa

Usikubali tarehe ya upasuaji kabla ya kupata kibali kwa maandishi. Barua ya kukataa ikija, isome hadi mwisho, kwani inalazimika kutaja sababu. Kwanza, mwombe daktari wako azungumze kwa simu na daktari wa bima, jambo ambalo mara nyingine humaliza tatizo bila rufaa. Ikishindikana, kata rufaa ya ndani. Kwa bima nyingi za kazini na za kujinunulia una siku 180 tangu kupata barua, na kwa upasuaji ambao haujafanyika kampuni inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Katika rufaa, usirudie karatasi zilezile. Jibu ile sababu iliyotajwa: kama wamesema matibabu hayakutosha, ongeza maelezo ya ziara mpya na orodha ya dawa kutoka duka la dawa.

Rufaa ya ndani ikikataliwa, una miezi 4 ya kuomba mapitio ya nje yanayofanywa na watu wasioajiriwa na bima yako, na uamuzi wa kawaida hutolewa ndani ya siku 45. Uamuzi huo unaifunga kampuni. Inanihuzunisha kuona wangapi huishia kwenye barua ya kwanza, wakati ngazi hizi zimewekwa na sheria kwa ajili yao. Medicare na Medicaid zina ngazi zake tofauti, na muda wake umeandikwa kwenye barua yenyewe.

Hatua ya 7: Piga hesabu hata kama bima imekubali

Kibali hakimaanishi bure. Uliza ni kiasi gani cha mwanzo unachopaswa kujilipia kabla ya bima kuanza, ni asilimia ngapi utachangia baada ya hapo, na ukomo wa malipo yako kwa mwaka ni upi. Viwango hivyo huanza upya kila mwaka wa bima, mara nyingi Januari. Kama mwaka huu umekwisha kulipa sana kwa matibabu mengine, jitahidi upasuaji ufanyike kabla mwaka haujaisha.

Daktari anaweza kukushauri ukazwe misuli pia kwa wakati uleule, bima ilipe panikulektomi nawe ulipe tofauti. Ni mpango mzuri ukiandikwa vizuri. Dai karatasi inayotenganisha ada ya daktari, muda wa ziada wa chumba cha upasuaji na ada ya daktari wa usingizi, na uliza bima kama kuongeza sehemu ya urembo kutaathiri kibali chako.

Hatua ya 8: Ukijilipia mwenyewe

Tangu tarehe 1 Januari 2022, asiye na bima au anayechagua kutoitumia ana haki ya kupewa makadirio ya gharama kwa maandishi kabla ya huduma. Bili ikizidi makadirio ya mtoa huduma huyo kwa dola 400 au zaidi, unaweza kuipinga ndani ya siku 120. Hakikisha makadirio yana daktari, usingizi, jengo, vipimo, vazi la kubana na ziara za baadaye. Omba bei ya malipo taslimu katika sehemu tatu tofauti, na uliza hospitali za vyuo vikuu kama zina kliniki ya madaktari walio masomoni, ambao hufanya kazi chini ya usimamizi kwa ada ndogo.

Fedha za akaunti ya afya ya HSA au FSA, ambazo huwekwa bila kukatwa kodi kwa ajili ya matibabu, hazitumiki kwa urembo. Zinaweza kutumika pale upasuaji unapotibu ugonjwa, kwa hiyo pata barua ya daktari kabla ya kulipa na uihifadhi pamoja na risiti. Ukitoa fedha za HSA kwa jambo lisiloruhusiwa ukiwa chini ya miaka 65, utatozwa kodi ya mapato na adhabu ya asilimia 20 juu yake.

Jihadhari na kadi za mkopo wa matibabu zinazotangaza “bila riba kwa miezi 18”. Nyingi huahirisha riba tu: ukibakiwa na deni hata dogo muda ukiisha, unatozwa riba ya kiasi chote tangu siku ya kwanza. Deni la dola 9,000 kwa miezi 18 linahitaji dola 500 kila mwezi bila kukosa. Kama huna uhakika wa kiasi hicho, mkopo wa chama cha akiba na mikopo wenye riba iliyo wazi ni salama zaidi.

Wengi wetu tuna njia nyingine: upatu, chama, likelemba au mchango wa jamaa na wa msikiti au kanisa. Upatu unafaa sana hapa kwa sababu hauna riba na unakulazimisha kupanga tarehe. Lakini anayepokea SSI, malipo ya serikali kwa wazee na walemavu wa kipato kidogo, achukue tahadhari, kwani mtu mmoja haruhusiwi kuwa na mali inayohesabiwa zaidi ya dola 2,000, na fedha za mchango zikilala kwenye akaunti yake zinaweza kumkatizia malipo. Azungumze na mshauri wa misaada kabla mchango haujaanza.

Hatua ya 9: Weka akiba ya mapumziko

Kazi nyepesi huwezekana baada ya wiki chache, lakini kunyanyua vizito huzuiwa kwa takribani wiki 6. Anayefanya kazi ghalani, kiwandani au ya kulea wazee ahesabu mshahara wa wiki hizo kuwa sehemu ya bei. Sheria ya FMLA, inayohusu likizo ya ugonjwa na ya familia, hulinda kazi yako hadi wiki 12 bila malipo ikiwa unatimiza masharti yake, ila upasuaji wa urembo usiohitaji kulazwa kwa kawaida haumo.

Kuhusu kwenda nje ya Marekani

Bei za nje huvutia, na baadhi hufikiria kuunganisha upasuaji na safari ya nyumbani. Wataalamu wazuri wapo, Nairobi wakiwemo. Hatari iko kwenye safari na ufuatiliaji. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilihesabu raia 93 wa Marekani waliofariki baada ya upasuaji wa urembo katika Jamhuri ya Dominika kati ya 2009 na 2022, na kuganda kwa damu kulikuwa miongoni mwa sababu kuu. Kituo hicho hushauri kusubiri angalau siku 10 kabla ya kupanda ndege baada ya kupasuliwa tumbo. Ongeza kwenye bei ya nje makazi ya wiki kadhaa na msindikizaji, na kabla ya kulipa, mpate daktari wa Marekani aliyekubali kukuangalia ukirudi, kwa sababu wengi hukataa kushika kidonda cha mwenzao.

Mambo yakikwama

Bima inasema mkunjo haujafika kinenani. Angalia picha zilizotumwa. Mara nyingi mtu alikuwa amevaa nguo ya ndani iliyoubeba mkunjo, au picha ilipigwa kutoka juu. Zipigwe upya na zitumwe na rufaa.

Daktari wako hataki kuandika kuhusu upele. Omba rufaa ya kwenda kwa daktari wa ngozi, ambaye maelezo yake huwa ya kina zaidi.

Umehamia bima nyingine katikati ya safari. Kibali cha zamani hakihamishiki, lakini kumbukumbu zako zinahamishika. Omba faili lote kwa maandishi kabla ya kuhama.

Bili imekuja kubwa kuliko kibali. Omba bili yenye mchanganuo na uhakikishe namba ni ile iliyoidhinishwa, kwa kuwa tarakimu moja ikikosewa malipo yote hukataliwa na ofisi ya daktari ndiyo yenye jukumu la kuisahihisha. Ikiwa bili imetoka kwa daktari wa usingizi asiye kwenye mtandao, huku hospitali ikiwa ndani ya mtandao na upasuaji ukiwa umelipiwa na bima, sheria inamzuia kukudai zaidi ya mchango wako wa kawaida wa ndani ya mtandao. Na kama bado huwezi kulipa, hospitali isiyo ya faida inapaswa kuwa na mpango wa msaada wa kifedha kwa matibabu ya lazima. Fomu yake inapokelewa hadi siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka hospitalini, kwa hiyo ijaze kabla ya kukubaliana na yeyote anayekudai.